Flavonoidi na magoti ya mama: jibu kwa dada wa Kayole

Dada mmoja wa Kayole ameniandikia hivi, nimefupisha kidogo: "Daktari habari yako. Mamangu ako na miaka 63, ako na presha na magoti yanamsumbua sana, asubuhi kuamka ni shida. Anatumia losartani ile iko na H, na diklofenaki ambayo ananunua tu kwa duka la dawa ikiisha. Juzi mtu wa kanisa amemletea vidonge vya flavonoidi, chupa ni shilingi 4,500, anasema vinatoa inflamesheni yote mwilini na baada ya mwezi mama ataacha dawa zote. Nimeangalia kwa simu naona kweli watafiti wanasema flavonoidi hupigana na inflamesheni. Sasa ni ukweli ama ni biashara? Na mama aache dawa?"

Dadangu, umefanya vizuri sana kuuliza kabla hiyo pesa haijatoka. Swali lako lina mambo kadhaa ndani na moja ni la haraka kuliko yote, wala hukuliuliza, kwa hivyo nitaligusa hata kabla ya flavonoidi.

Kwanza mama asiache losartani. Presha haiumi, ndio maana watu huacha dawa wakijisikia poa halafu siku moja stroki inawapata. Hakuna flavonoidi ya vidonge wala ya chakula iliyowahi kuonyeshwa kwamba inaweza kushika nafasi ya dawa ya presha kwa mtu ambaye tayari anaihitaji, hakuna kabisa.

Ya pili ndio imenifanya niache kazi nyingine nikujibu leo. Ile H kwa losartani ni haidroklorothiazaidi, dawa ya kukojoza maji na chumvi. Sasa ukichanganya hiyo na losartani yenyewe halafu uongeze diklofenaki, ile dawa ya maumivu, ya kila siku, hizo tatu zinakutana kwa figo. Diklofenaki inabana mshipa mdogo unaoingiza damu kwa vichujio vya figo, losartani inalegeza ule unaotoa damu, na ile H inapunguza maji yaliyo kwa damu, kwa hivyo nguvu ya kusukuma damu ipite kwa kichujio inashuka kutoka pande zote na figo inaweza kuumia pole pole bila mama kuhisi chochote, haswa akiharisha au akikaa siku nzima bila kunywa maji. Isitoshe diklofenaki yenyewe hupandisha presha, inafanya dawa ya presha ifanye kazi nusu nusu, na kwa mtu wa umri huo inaweza kutoboa tumbo. Hii dawa inauzwa hapa Nairobi kama peremende, mtu anaingia dukani anataja jina anapewa, hakuna anayemuuliza ni nini kingine anameza, na hilo linaniuma kila siku.

Kwa hivyo wiki hii mpeleke kliniki anakochukulia dawa ya presha, apimwe presha, na uombe kipimo cha damu cha kreatinini, kinachoonyesha figo zinafanya kazi vipi, na cha potasiamu, mwambie daktari waziwazi kwamba amekuwa akimeza diklofenaki na kwa muda gani. Kabla hamjafika huko, hiyo diklofenaki ya vidonge ningeomba aiweke kando, na kama hana shida ya ini atumie Panadol kwa kipimo kilichoandikwa kwa pakiti. Kuna diklofenaki ya kupaka pia, ya jeli, kwa goti inasaidia vizuri tu na inayoingia kwa damu ni kidogo sana ukilinganisha na kidonge. Muulize daktari kuhusu hiyo.

Haya, sasa tuje kwa flavonoidi.

Ni jamii kubwa ya kemikali ambazo mimea hujitengenezea, zaidi ya 6,000 zimeshatambuliwa, na mmea hauzitengenezi kwa ajili yetu, zinaukinga na jua kali, wadudu na kuvu, na zingine ndizo rangi inayovuta nyuki kwa maua. Wekundu wa kitunguu, zambarau ule unaobaki kwa ulimi, uchungu wa balungi, ule ukakasi wa turungi iliyokolea, sehemu kubwa ya hayo yote ni flavonoidi na ndugu zake. Utasikia majina mengi lakini ya kukumbuka ni machache: kwasetini iko kwa vitunguu, sukuma na tufaha, katekini iko kwa majani chai na kakao, anthosianini ni ile rangi ya matunda damu, stroberi na zambarau, hesperidini iko kwa machungwa haswa kwa ule utando mweupe ambao tunautoa na kutupa, na isoflavoni ziko kwa soya. Manjano watu huyaweka kwa kapu hili hili lakini kukumini ya manjano si flavonoidi, na tangawizi pia ile kemikali yake ya ukali ni ya ukoo mwingine, kwa hivyo mtu akikuuzia "flavonoidi ya manjano" ujue hajui anachouza.

Kuzifikiria kama dawa hakukuanza jana. Mnamo miaka ya 1930 mwanasayansi wa Hungaria, Albert Szent-Györgyi, yule aliyepata Nobel mwaka 1937 kwa kazi iliyohusisha vitamini C, aliona kwamba watu ambao mishipa yao midogo ilikuwa inavuja damu walisaidika na juisi ya limau na pilipili hoho kuliko walivyosaidika na vitamini C iliyosafishwa peke yake. Akafikiri amepata vitamini mpya, akaiita vitamini P. Jina hilo baadaye likaachwa, manake ukikosa vitamini unapata ugonjwa unaojulikana na hakuna ugonjwa wa kukosa flavonoidi. Lakini hapo kwa mishipa ya damu jamaa alikuwa ameona kitu cha kweli, na nitarudi hapo.

Sasa inflamesheni. Ukijikata kidole pale panavimba, panapata joto, panauma, hiyo ni seli za kinga zimeitwa kazini na ni nzuri, bila hiyo kidonda kidogo kingekuua. Shida ni ile ya chini chini isiyoisha, miaka na miaka, kwa mishipa, kwa mafuta ya tumboni, kwa viungo. Ndani ya seli kuna protini inaitwa NF-kappa B ambayo ikiamshwa huingia kwa kiini cha seli na kuwasha jeni za inflamesheni, ndipo zinatoka kemikali kama TNF na interlukini-6 za kuita seli zingine, na pia kimeng'enya cha COX-2 ambacho ndicho diklofenaki huzuia. Ukichukua seli kwa maabara ukaziwekea kwasetini au katekini, kweli NF-kappa B inatulia, TNF inashuka, COX-2 inashuka. Hizo ndizo karatasi uliziona kwa simu, ziko nyingi sana na hazidanganyi.

Lakini angalia kiasi. Kwa maabara mara nyingi wanaweka kipimo ambacho ni mara kumi, hata mara mia, ya kile kinachowahi kufika kwa damu ya mtu aliyekula. Ukila kitunguu, ile kwasetini kwanza inabadilishwa kwa ukuta wa utumbo, halafu ini inaibadilisha tena, inabandikwa vitu vingine ili itolewe kwa mkojo haraka, na inayobaki kwa damu ni kidogo sana tena si ile ile uliyokula. Sehemu kubwa kabisa haifyonzwi, inashuka mpaka utumbo mpana ambako bakteria wanaivunja vipande vidogo, na vipande hivyo ndivyo vinaingia kwa damu, na siku hizi wengi wetu tunafikiri kazi nyingi inafanywa na hivyo vipande kuliko flavonoidi yenyewe. Ndio maana watu wawili wakila chakula kimoja hawapati faida sawa, bakteria wao si sawa. Na ndio maana mimi mtu akinionyesha utafiti wa seli kwa sahani kama sababu ya kuuza chupa, siwezi kukubali, hata kama utafiti wenyewe ni mzuri.

Kuna na hii ya "antioksidanti" ambayo imeandikwa kwa kila pakiti. Zamani walikuwa wanapima chakula kwa maabara kinaweza kuzima radikali huru ngapi, yaani zile molekuli zinazoharibu seli, kinapewa namba, namba kubwa ndio bora. Idara ya Kilimo ya Marekani ilikuwa na jedwali zima la namba hizo na mwaka 2012 ikaliondoa, kwa sababu namba hizo hazikuwa zinasema lolote la maana kuhusu kinachotokea mwilini na makampuni yalikuwa yanazitumia kuuza bidhaa. Ukiona mtu bado anajisifia namba za antioksidanti, endelea na safari yako.

Sasa, kwa watu wenyewe. Mwaka 1993 watafiti wa Uholanzi walitoa matokeo ya wazee wanaume 805 wa mji wa Zutphen, wa miaka 65 hadi 84, waliofuatwa kwa miaka mitano. Flavonoidi zao nyingi zilitoka kwa vitu vya kawaida kabisa, chai, vitunguu na tufaha, na kati ya waliokula nyingi, waliokufa kwa ugonjwa wa moyo walikuwa wachache kuliko kati ya waliokula chache. Halafu mwaka 2019 ikaja ya Denmark, watu zaidi ya 56,000, wakaona vifo vinashuka kadiri flavonoidi zinavyoongezeka mpaka kama miligramu 500 kwa siku, baada ya hapo kuongeza hakukuongeza faida. Tena tofauti ilionekana zaidi kwa wavuta sigara na wanywaji wa pombe nyingi, watu ambao miili yao iko kwa inflamesheni kila siku. Hizo miligramu 500 si ajabu, watafiti wenyewe walitoa mfano wa kikombe cha chai, tufaha moja, chungwa moja, na gramu 100 gramu 100 za beri na brokoli. Bado hizi ni tafiti za kuangalia tu, anayekula matunda mengi pengine pia anatembea zaidi na ana pesa zaidi, kwa hivyo hazithibitishi kwamba flavonoidi ndiyo iliyofanya kazi.

Utafiti wa kugawa watu kwa kura, wengine dawa wengine kidonge bandia, ndio unaonyesha zaidi. Mkubwa kuliko wote niujuao ni COSMOS wa Marekani, watu 21,442 wa umri wa mama, nusu walipewa dondoo la kakao lenye miligramu 500 za flavanoli, tawi la flavonoidi lililo na katekini, kila siku, matokeo yakatoka 2022. Kwa jumla matukio ya moyo na mishipa yalipungua kwa asilimia 10, lakini hiyo haikufika kiwango cha kusema si bahati, wakati vifo vya moyo na mishipa vilipungua asilimia 27, na hilo halikuwa swali kuu la utafiti kwa hivyo tunalishika kwa uangalifu. Kwa kwasetini, tafiti kadhaa zikijumlishwa zinaonyesha ile namba ya juu ya presha inashuka kama pointi 3, zaidi kwa wanaotumia miligramu 500 na kuendelea. Pointi 3 ni kitu, kwa nchi nzima ingeokoa watu wengi, lakini mtu mwenye 160 kwa 100 akishuka pointi 3 bado ako hatarini, unaona sasa kwa nini nimekataa mama aache losartani?

Mahali ambapo nina imani zaidi ni hapo hapo kwa mishipa ya damu alikochungulia Szent-Györgyi. Epikatekini ya kakao na chai inasaidia utando wa ndani wa mshipa kutoa gesi ya nitriki oksidi, mshipa unalegea, damu inapita vizuri, unaweza kuliona kwa mashine saa mbili tatu baada ya mtu kunywa. Ulaya wamekubali hata iandikwe kwa bidhaa za kakao, kwamba miligramu 200 za flavanoli kwa siku zinasaidia mishipa kutanuka, na hao si watu wa kukubali kubali ovyo. Hata kwa maduka yetu ya dawa kuna flavonoidi ambayo ni dawa kabisa, diosmini na hesperidini, iliyotokea Ufaransa, kidonge cha miligramu 500, tunaitoa kwa bawasiri na kwa miguu inayojaa kwa sababu ya mishipa dhaifu. Kwa hivyo mtu asikuambie flavonoidi ni uongo mtupu. Zinafanya kazi, tena zingine tunajua namna gani, ila kazi yake ni ya polepole na ya kiasi.

Magoti sasa. Hapa nahitaji kujua mama ana ugonjwa gani kwa sababu watu husema "arthritis" kwa vitu viwili tofauti sana. Kama akiamka anakaa zaidi ya saa nzima viungo vimekaza, na vidole vya mikono yote miwili vimevimba, hiyo inaweza kuwa ile ya kinga ya mwili kujishambulia, baridi yabisi yenyewe, na inataka daktari wa viungo na dawa kama methotreksati mapema kabla kiungo hakijaharibika, usipoteze hata mwezi na vidonge vya kanisani. Kama kukaza kunaisha kwa dakika chache na maumivu yanakuja akipanda ngazi au akisimama jikoni muda mrefu, pengine ni goti kuisha gegedu, ule mto laini kati ya mifupa, ya umri na uzito.

Kwa ile ya kwanza kuna utafiti mmoja wa Irani wa 2017 ambao unanipa moyo, wanawake 50, nusu wakapewa kwasetini miligramu 500 kwa wiki nane juu ya dawa zao za kawaida, na kukaza asubuhi kukapungua, maumivu yakapungua, TNF kwa damu ikashuka. Juu ya dawa zao, si badala yake. Na ni wanawake 50 tu, wiki nane tu.

Kwa ile ya pili kuna hadithi ambayo natamani kila muuzaji wa chupa hizi aijue. Marekani kulikuwa na kidonge kinaitwa Limbrel, kimetengenezwa kwa flavonoidi mbili, baikalini kutoka kwa mmea wa Kichina na katekini kutoka kwa mti wa jamii ya mgunga, hasa kwa ajili ya goti kama la mama, na wazo lilikuwa kwamba kitatuliza inflamesheni bila kuumiza tumbo kama diklofenaki. Kilikuwa kinatolewa na madaktari kwa miaka. Halafu ripoti zikaanza kurundikana za watu kuumia ini, na wengine mapafu kupata mzio mbaya, FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ikatoa onyo mwishoni mwa 2017 na Januari 2018 kikaondolewa sokoni. Katekini hiyo hiyo uko nayo kwa kikombe cha chai na haikufanyi lolote! Tofauti ni kusafisha na kulundika kipimo kikubwa kwa kidonge kimoja, na kukimeza kila siku. Vivyo hivyo kwa chai ya kijani, kuinywa hakuna neno, lakini mamlaka ya chakula ya Ulaya ilisema mwaka 2018 kwamba dondoo lake likifika miligramu 800 za EGCG, katekini kuu ya chai hiyo, kwa siku linaanza kupandisha vimeng'enya vya ini. Na kwa mtu anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, sitaki asogelee vidonge vya aina hii bila kuongea na daktari wake, na hata mboga za majani ale kiasi kile kile kila wiki kwa sababu ya vitamini K iliyo ndani.

Nataka uangalie hiyo chupa vizuri. Imeandikwa ni flavonoidi gani na miligramu ngapi? Nyingi zinaandika "flavonoidi asilia" tu na picha ya majani. Imesajiliwa na bodi ya dawa hapa Kenya? Na zaidi ya yote, kama kuna mtu anakuambia alimeza siku mbili akatupa fimbo, hapo ndipo ushtuke, kwa sababu hakuna flavonoidi inatuliza goti kwa siku mbili, lakini kuna dawa inaweza. Mwaka 2022 FDA ilitoa onyo kuhusu vidonge vya viungo vinavyoitwa Artri King, vilivyouzwa kama vya mimea, walipovipima wakakuta diklofenaki na deksamethasoni, ambayo ni steroidi, na hazikuandikwa kwa pakiti. Fikiria mama na figo zake anaacha diklofenaki ya duka halafu anaimeza tena ndani ya chupa ya 4,500 bila kujua, pamoja na steroidi ya kupandisha presha na sukari.

Hiyo 4,500 ningekuwa mimi ningeipeleka kwa mama mboga, na hapo kwenu Kayole mko na bahati, mboga ni karibu. Vitunguu vyekundu, usimenye mpaka ndani sana kwa sababu kwasetini nyingi iko kwa zile tabaka za nje, toa tu ganda kavu. Kitunguu kina kama miligramu 30 hivi kwa gramu 100, kwa hivyo kufikia zile 500 za kidonge ungekula zaidi ya kilo na nusu kwa siku, hakuna anayekuomba ufanye hivyo, lakini kwasetini ya kitunguu inafyonzwa vizuri kuliko ya vyakula vingine vingi na inakaa kwa damu saa nyingi, ukila kila siku inakuwa haiishi. Kukaanga hakuiharibu sana. Kinachoiondoa ni kuchemsha na kumwaga maji, na hapa ndipo tunapokosea na managu na terere, tunazichemsha tunamwaga yale maji kwa sababu ya uchungu na nusu ya faida inaenda kwa sinki. Chemsha kwa maji kidogo, au changanya managu na terere au kunde uchungu upungue, maliza na maziwa kama mama alivyokufundisha. Sukuma ya kukaanga haraka na kitunguu na nyanya iko sawa kabisa, usiikaange tu mpaka iwe kahawia, na chumvi iwe kidogo kwa ajili ya presha, Royco pia ni chumvi jameni.

Matunda ni ya msimu, hakuna haja ya beri za kutoka nje kwa supamaketi. Matunda damu, stroberi za Limuru zikiwa bei nzuri, zambarau, machungwa pamoja na ule utando mweupe. Maharagwe mekundu, mtama mwekundu na wimbi kwa uji, hivi vyote viko na flavonoidi kwa ganda la nje, kwa hivyo unga uliosagwa mzima na si ule uliokobolewa. Balungi kama mama anatumia dawa ya kolesteroli au amlodipini kwanza uliza, linaingilia baadhi ya dawa, ingawa anayefanya hivyo si flavonoidi yake, ni kemikali nyingine iliyo humo.

Chai inataka sentensi zake. Wakenya tunakunywa chai nyeusi, na watu huniuliza kama ile katekini imeharibika ikifanywa nyeusi. Inabadilika ikawa theaflavini na thearubijini, ambazo nazo ni za ukoo huo na nazo zina faida, kwa hivyo turungi ni chanzo kikubwa sana cha flavonoidi kwa jikoni ya Nairobi, pengine kikubwa kuliko vyote. Maziwa? Kulikuwa na utafiti mdogo wa Berlin mwaka 2007, wanawake 16, chai bila maziwa ilitanua mishipa na yenye maziwa haikutanua, wengine wakapima wakaona maziwa hayazuii katekini kuingia kwa damu. Mimi ushauri wangu kwa mama ni chai ya maziwa asubuhi kama amezoea, halafu moja mbili za mchana ziwe turungi bila sukari au na limau. Kuna pia ile chai ya zambarau, TRFK 306, iliyotolewa na watafiti wetu wa Kericho mwaka 2011, imejaa anthosianini, ikipatikana ni nzuri. Na choya, ile hibiskasi nyekundu, utafiti wa Marekani wa 2010 uliwapa watu 65 vikombe vitatu kwa siku kwa wiki sita na namba ya juu ya presha ikashuka kama pointi 7 wakati waliokunywa bandia walishuka pointi moja, kwa hivyo akiipenda mwambie daktari wake, presha isije ikashuka kupita kiasi na dawa iko ndani. Jambo moja tu, chai inazuia madini ya chuma kufyonzwa, kwa hivyo aiache mbali na chakula kama saa moja hivi, na kama kuna mjamzito au watoto wadogo hapo nyumbani wao ndio wa kuangaliwa zaidi.

Mwarobaini nao uko na kwasetini kwa majani, najua nitaulizwa. Uko pia na kemikali zingine kali na sitaki mtu mwenye shida ya figo aunywe kwa jagi kwa sababu eti una flavonoidi.

Kwa goti lenyewe, kama ni la gegedu, kitu kinachosaidia kuliko flavonoidi zote nilizotaja ni misuli ya paja na uzito. Wamepima Marekani, kila kilo moja mtu anayopunguza goti linapunguziwa mzigo wa kama kilo nne kwa kila hatua, kwa hivyo mama akipoteza kilo tano tu hesabu mwenyewe. Akae kwa kiti, anyooshe mguu mmoja mbele, ashikilie mpaka hesabu ya tano, ashushe, mara kumi kila mguu, asubuhi na jioni. Inauma kidogo mwanzoni, ni sawa. Atembee pia, hata kama ni mpaka stegi na kurudi.

Mwisho, kama chupa tayari imefunguliwa na mama amekuwa akimeza kwa wiki kadhaa na anasikia nafuu ya ajabu, usimwambie aache ghafla ukiwa peke yako nyumbani. Ikiwa kuna steroidi imefichwa ndani, mwili huwa umeacha kutengeneza ya kwake na kuikata kwa siku moja kunaweza kumwangusha vibaya. Beba chupa yenyewe na pakiti yake, pelekeni kwa daktari siku hiyo hiyo mnayoenda kupima kreatinini, na usiitupe, bodi ya dawa itataka kuiona. Majibu yakitoka niandikie, hasa kreatinini na potasiamu, tuangalie pamoja.